Legeza Nati Kabla ya Kuinua Gari (Mathayo 5:23-24)

Vijana wenzangu, somo la leo tunalichukua kando ya barabara, pale Kiberege, ukiwa unatoka Mang'ula kwenda Ifakara.

Ilikuwa Jumamosi ya Kwaresima, na huku kwetu Kwaresima na masika huja pamoja. Tulikuwa vijana wanane wa VIWAWA nyuma ya pikapu, na magunia mawili ya mchele, matoleo yetu kwa ajili ya misa ya vijana Ifakara. Mimi na mhazini wetu tulikaa kila mtu pembe yake. Wiki tatu kabla, kwenye kikao, nilikuwa nimesema mbele ya wote kwamba hela za michango hazijulikani zilipo. Baadaye risiti zikaonekana na hesabu ikatimia. Nikanyamaza. Nikajiambia yameshaisha.

Tairi la nyuma likapata pancha.

Dereva, mzee mpole, akavuta handibreki, akaingiza gia namba moja, akaweka jiwe kwenye tairi la mbele, akatupa matawi barabarani mbele na nyuma ili wenye magari watuone. (Pembetatu ndiyo inayotakiwa, jamani. Matawi ni ya kuokolea tu.) Wote tukashuka. Mimi nikawahi jeki, nikaanza kuinua kwa sifa zote. Tairi likiwa juu, nikashika spana, nikavuta nati. Gari likayumba juu ya jeki.

“We dogo, toka hapo! Shusha gari! Nati umelegeza saa ngapi?”

Hapo ndipo penyewe. Nati hulegezwa tairi likiwa bado chini, nusu mzunguko tu kila moja. Uzito wa gari na ardhi ndivyo vinavyolishika tairi ili nguvu yako iishie kwenye nati. Ukishainua, nguvu ileile inalisukuma gari lenyewe, na linaweza kuanguka kutoka kwenye jeki. Na udongo wa bonde la Kilombero wakati wa masika mnaujua: bila kipande cha mbao chini, jeki inazama badala ya gari kupanda. Kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, usithubutu. Mzee wetu alisukuma hata tairi la akiba chini ya fremu, ili gari likianguka lisifike chini.

Sasa fungua Injili. Yesu anamzungumzia mtu ambaye ameshafika altareni na sadaka yake mkononi, halafu anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na ndugu, kisha arudi kutoa. Wengi tunaisoma haraka. Tunadhani inamhusu aliyekosewa, kwamba asamehe. Soma tena: ndugu ndiye mwenye neno juu yako. Anayetakiwa kuondoka altareni ni mkosaji, yule ambaye pengine anajiona hana shida na mtu.

Wakatoliki wa Kongo wanaipa Injili hii nafasi ya pekee katika Misa. Kwenye utaratibu wao ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, tendo la toba na amani huja baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani, kabla matoleo hayajapelekwa. Sisi tunapeana amani karibu na Komunyo, na maana yake ipo pia, lakini utaratibu ule unanigusa kila nikikumbuka magunia yale.

Tukashusha gari. Nati tano zikakubali, ya sita ikagoma kwa kutu. Nikaikanyaga spana, wapi. Mhazini akaja bila kusema, akaweka mguu wake pembeni ya wangu. Ikalia kwaa, ikaachia.

Nikamwambia, “Kaka, nisamehe. Nilikusema bila kuhakikisha.”

Akaendelea kuangalia tairi. “Ulinisema mbele za watu. Sasa unaniombea msamaha kwenye matope, sisi wawili?”

Alikuwa sahihi. Katekisimu namba 2487 inafundisha kwamba anayekosa dhidi ya ukweli ana wajibu wa kurekebisha, hata kama ameshasamehewa. Ukimharibia mtu jina, unamdai Mungu msamaha na bado yule mtu anakudai jina lake. Kitubio hakifuti deni hilo la pili; kinakutuma ukalilipe. Leo sisi tunaharibiana majina kwenye makundi ya WhatsApp, halafu “samahani” tunaituma kwa siri. Kosa limesomwa na watu 80, msamaha umesomwa na mmoja.

Nikamwambia, “Kikao kijacho nitasema mbele ya walewale.”

“Sawa. Lete tairi.”

Tukavalisha tairi, nati tukazianzia kwa mkono, tukashusha mpaka likagusa chini, ndipo tukakaza kwa spana, moja kisha ya upande wa pili, siyo kwa kufuatana, tairi lisikae upande. Tulipofika Ifakara mzee akatusimamisha kabla ya kupakua mchele. Nati za tairi lililobadilishwa hulegea kidogo zikitembea, lazima zikazwe tena. Mbili zilikuwa zimelegea.

Kwenye kikao nilisimama, nikasema. Haikufika hata dakika moja, ila magoti yalitetemeka. Halafu mhazini akafungua daftari, akasoma hesabu za mwezi.