JUDO YAHAMIA UFARANSA

Judo ni mieleka ya Kijapani. Aliianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Siku hizi wachezaji walioandikishwa Ufaransa ni wengi kuliko wa Japani yenyewe. Ilikuwaje?

Mwaka 1935 mwalimu Mjapani, Mikinosuke Kawaishi, alifika Paris. Safari ya kufikia mkanda mweusi ni ndefu, na asiyeona hatua zake hukata tamaa. Basi Kawaishi akatumia mikanda ya rangi: mweupe, wa njano, wa rangi ya chungwa, wa kijani, wa buluu, wa kahawia, mwisho mweusi. Mbinu nazo akazipa namba, maana majina ya Kijapani ni magumu kwa wageni. Wanafunzi wakaongezeka.

Lakini wanafunzi wakizidi, walimu wa uongo nao huzuka. Judo ni kuangushana. Ndiyo maana fundisho la kwanza ni kujua kuanguka. Mwalimu asiyejua kazi anaweza kumvunja mtoto shingo, na shingo haina ya akiba! Mwaka 1955 Ufaransa ikatunga sheria: hakuna kufundisha judo bila cheti cha serikali.

Matunda yakaonekana. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, timu ya Ufaransa ya wanaume na wanawake iliishinda Japani kwenye fainali. Mwaka 2024, mjini Paris, ikaishinda tena. Mwanafunzi amempita mwalimu.

Maswali
1. Mikanda ya rangi iliwasaidiaje wanafunzi?
2. Kwa nini sheria ya 1955 ilihitajika?
3. Wewe ukijifunza ufundi, unajuaje kwamba umepiga hatua?