Ng'ombe ni wa Nani? Somo Juu ya Mali ya Nyumba Katika Nchi ya Wanandi

Kusini-magharibi ya mji wa Eldoret, katika vilima vyenye mvua nyingi na majani mazuri, ndiko iliko nchi ya Wanandi, watu waliokuwa wafugaji mashuhuri kabla ya kuwa wakulima wa mahindi na chai. Katika miaka ya 1976 na 1977 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Bibi Regine Smith Oboler, alikaa kati yao akijifunza habari za ndoa na mali. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1985. Swali lake ni jepesi kulisema, lakini ni zito kulijibu: ng'ombe waliomo bomani ni wa nani?

Desturi ya zamani

Wengi hudhani kwamba zamani kila kitu kilikuwa cha mume. Sivyo. Desturi iliwagawa ng'ombe kwa kufuata asili yao. Walikuwako waliowekwa kwa nyumba ya mke wakati wa arusi, na walioingia kwa mahari ya binti za nyumba hiyo. Hao walikuwa akiba ya wana wa mama yule, ili nao wapate kuoa. Mume aliwasimamia, lakini hakuwa na ruhusa ya kuwahamishia nyumba ya mke mwingine. Ng'ombe aliojipatia kwa juhudi yake mwenyewe ndio aliokuwa na uwezo mkubwa zaidi juu yao. Mke naye alikuwa na vyake: kuku, mboga na maziwa ya jioni.

Nguvu ya desturi hiyo yaonekana katika jambo moja. Mwanamke aliyekuwa mtu mzima bila kupata mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenziwe. Wana wa mke huyo walikuwa warithi wake, ili mali ya nyumba isipotee.

Fedha na hati

Baada ya vita vya 1905 na 1906 Wanandi walishindwa, na uwanda wa Uasin Gishu ukatiwa mikononi mwa walowezi. Eldoret yenyewe ilianza katika shamba namba 64, ndiyo sababu wenyeji waliuita mji huo Sisibo. Wanaume wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba hayo, na kwa fedha zao wakanunua mifugo. Baadaye wakaja ng'ombe wa maziwa wa kizungu, nyua za seng'enge na hati za mashamba.

Hapo ndipo ulipo msingi wa somo hili. Kitu cha kununuliwa kilihesabiwa katika fungu la juhudi ya mume. Hakuna baraza lililokaa na kuamua kumnyima mwanamke haki yake. Fungu moja lilikua, na jingine likapungua. Hati ikaandikwa jina moja tu. Mke aliyepalilia mahindi na kukama ng'ombe, ambaye kazi yake ilisaidia kupata fedha hizo, alijikuta hana neno siku shamba linapouzwa.

Sheria ya leo

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya Kinandi ya mwanamke kwa mwanamke katika shauri la urithi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo huhesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali, hata kama mtu hakutoa fedha.

Basi si haki kusema kwamba haki ya mke katika mali ni jambo geni lililoletwa na sheria mpya. Wazee waliijua, ila waliiweka katika ng'ombe, wala si katika karatasi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika boma lenu, ni mali gani iliyopatikana kwa kazi ya watu wawili?
2. Hati ya shamba ina jina la nani?
3. Mume akifariki leo, kila nyumba inajua fungu lake?