Mkate Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Elia alipoketi chini ya mti, alihitaji nini? Malaika alimpa nini kwanza?

Elia alifika jangwani akiwa amechoka sana. Kutoka Karmeli alikuwa amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli (1 Wafalme 18:46). Ujumbe wa Yezebeli ulipomfikia, akaondoka tena, safari hii kuelekea kusini mpaka Beer-sheba. Hata ukipima kwa mstari ulionyooka, hizo ni kama kilomita 150, na nchi ile ina milima na mabonde. Huko akamwacha mtumishi wake, akatembea mwendo wa siku moja peke yake, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Msomaji angetazamia malaika aje na hotuba, au karipio. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, na sababu aliyopewa ni ya msafiri kabisa: njia iliyobaki ilizidi nguvu zake. Swali la Bwana kuhusu alichokuwa akifanya halikuja mpaka Horebu (mstari wa 9), baada ya usingizi, milo miwili na siku arobaini za mwendo.

Wasafiri wengi leo hupanga kinyume. Nauli, mzigo na zawadi za wenyeji hufikiriwa mapema. Mwili huambiwa usubiri mpaka kufika. Fikiria mama wa miaka sitini anayepanda basi Mwanza kwenda Dar es Salaam kumwuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Ana kisukari na shinikizo la damu. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Alfajiri haonji kitu, kwa haraka. Kidonge cha shinikizo kinachoongeza mkojo anakiruka, maana anajua basi halisimami kila abiria anapotaka. Kwa sababu hiyo hiyo hanywi maji. Dawa nyingine zimo kwenye begi kubwa, na begi liko buti. Basi linaposimama kwa chakula ana dakika chache tu, ananunua chipsi na soda, anarudi kitini. Usiku akishuka Mbezi, miguu imevimba, kichwa kinamzunguka, na binti aliyekuwa akisubiri muuguzi anapokea mgonjwa wa pili.

Hakuna uzembe mkubwa katika habari hiyo. Kila uamuzi una sababu yake, na aibu ya kumwomba kondakta asimamishe gari si jambo dogo kwa mtu mzima. Lakini karibu kila kimoja kingeweza kutatuliwa nyumbani, siku mbili kabla. Saa ya kumeza kidonge kile ni jambo la kumwuliza daktari kabla ya safari, si la kujiamulia kituoni. Dawa zote hukaa katika mkoba wa mkononi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikae na njaa barabarani, kwa kuwa sukari inaweza kushuka mno, na jirani wa kiti anaweza kudhani amelala tu. Ni vema jirani huyo aambiwe mapema.

Maji hunywewa kidogo kidogo njia nzima, na kila kondakta anapotangaza kuchimba dawa, msafiri ashuke hata kama hajabanwa. Kushuka huko kuna faida ya pili. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu hupunguza kasi ya damu kwenye mishipa ya miguu, na damu inaweza kuganda. Kwa safari inayozidi saa nne hatari hiyo huongezeka kama mara mbili. Kwa mwenye afya bado ni ndogo, lakini kwa mjamzito, kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au kwa aliyewahi kuganda damu, ni jambo la kuongea na daktari. Basi linapokwenda, miguu ifanye kazi papo hapo kitini: vidole juu, visigino juu, kifundo kizungushwe, kila nusu saa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku zinazofuata, au kifua kikibana na pumzi kukata ghafla, hiyo ni safari ya hospitali bila kuchelewa.

Chakula cha njiani si lazima kiwe cha mafuta. Barabara ina mahindi ya kuchoma, karanga na ndizi. Viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa nyumbani hustahimili safari kuliko wali wa nazi. Wali na mchuzi vikikaa saa kadhaa kwenye joto la basi huzaa maradhi. Tunda linalomenywa, kama chungwa au ndizi, ni salama kuliko lililokatwa tayari na kupangwa kwenye sinia. Soda moja ya chupa ina kama vijiko vinane vya chai vya sukari, na kiu hubaki.

Soma Matendo 20:7–13. Paulo alisafirije kutoka Troa kwenda Aso?

Wenzake walipanda merikebu. Yeye, baada ya kuongea mpaka alfajiri, aliamua kwenda kwa miguu, kama kilomita 30. Luka haelezi kwa nini. Si kila msafiri anaweza mwendo huo, wala hatakiwi. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano za juma, inatosha kwa watu wazima wengi. Mjumbe wa mikutano anayelala nyumba ya wageni katika mji asioujua, hasa akiwa mwanamke peke yake, anaweza kupanda na kushuka ngazi, au kupiga hatua papo hapo chumbani kabla ya ibada ya asubuhi.

Soma Matendo 27:33–36. Paulo aliwahimiza watu 276 wafanye nini kabla ya merikebu kuvunjika?

Kwa mjadala darasani: Kanisa linapoaga washiriki wanaokwenda makambini au msibani mbali, maombi hufanyika. Ni nani hapo hukumbuka kuuliza kama mzee amebeba dawa zake mkononi, na kama kuna aliyemfungia chakula?