Amma wa Dohnavur

Upande wa kusini wa Bara Hindi kuna kijiji kiitwacho Dohnavur. Kijiji hicho kilijulikana mbali kwa ajili ya mwanamke mmoja, jina lake Amy Carmichael. Alizaliwa Ireland mwaka 1867, akaenda Bara Hindi mwaka 1895, wala hakurudi kwao tena mpaka kufa kwake.

Siku zile palikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wa kike wakae katika mahekalu ya miungu, na wengi wao waliharibiwa maisha yao humo. Mwaka 1901 msichana mdogo alitoroka hekaluni, akaletwa kwake. Nyuma yake walikuja wengine, hata wakawa jamaa kubwa. Watoto walimwita Amma, maana yake Mama kwa lugha ya Kitamili.

Tarehe 24 Oktoba 1931, Amma alikwenda mji wa jirani kutazama nyumba ambayo ingetumiwa kwa kutolea dawa. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mahali pale palikuwa na shimo, naye hakuliona, akatumbukia. Mguu ukavunjika na kifundo kikateguka. Watu walidhani kwamba atapona baada ya majuma machache, lakini hakupona. Maumivu yalizidi, na usingizi ukawa haba. Kwa muda wa karibu miaka 20 hakutoka chumbani mwake ila mara chache.

Je, hakuomba apone? Aliomba, na wenzake waliomba pamoja naye. Na madaktari walimtunza, wala hakuona kuwa dawa ni kinyume cha imani. Lakini maumivu hayakuondoka. Hapo ndipo imani hujaribiwa, kwa maana ni rahisi kumsifu Mungu siku ya afya. Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba mwilini, akamsihi Bwana mara tatu, wala hakuondolewa mwiba ule. Alipewa neema ya kuuchukua. Basi Mungu asipoondoa maumivu, si dalili kwamba amemwacha mtu wake.

Watu wenye afya walimletea Amma maandishi ya kuwafariji wagonjwa. Maandishi hayo hayakumsaidia sana. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti. Naye asiyeumwa hunena kwa mbali. Kwa hiyo Amma, hali akiumwa, aliandika kitabu cha mgonjwa kwa wagonjwa wenzake, kikapigwa chapa mwaka 1933. Hakujifanya kuwa haumwi, wala hakusema kwamba maumivu ni kitu chepesi. Alionyesha jinsi Bwana Yesu, aliyeumizwa msalabani, anavyoweza kukaa na mtu katika usiku mrefu usio na usingizi.

Pia hakuacha kazi aliyoweza. Mikono yake ilikuwa ingali inashika kalamu, basi aliandika vitabu vingine, na vibarua vya kuwaonya na kuwatia moyo watoto. Mguu ulikuwa umefungwa kitandani, lakini upendo haukufungwa.

Amma alikufa tarehe 18 Januari 1951, umri wake miaka 83. Alikuwa ameagiza kwamba jiwe la jina lisiwekwe kaburini pake. Watoto wakaweka bakuli la mawe la kunywea ndege, na juu yake wakachora neno moja tu, Amma.

Mtu aumwaye asione haya kulia mbele za Mungu, kwa maana Ayubu na Daudi walilia, nao hawakukataliwa. Na aliye mzima, amwendeapo mgonjwa, asiwe mwepesi wa kumwambia kwamba imani yake ni haba. Akae naye, amteke maji, amwombee.

MASWALI
1. Kwa nini watoto walimwita Amy Carmichael Amma?
2. Ni kazi gani aliyoifanya akiwa kitandani?
3. Kwa nini maandishi ya watu wenye afya hayakumsaidia sana?
4. Taja njia mbili za kumsaidia mgonjwa wa jirani.