MAHARAMIA WA BAHARI YA HINDI: SOMO LA KUNGOJA NA KUPIMA

Wazee wetu hutuonya tusisifu kitu kabla hatujakiona. Mimi nimejifunza onyo hilo kwa fedha yangu mwenyewe na kwa fedha ya wenzangu saba, kwa ajili ya mchezo wa video uitwao Skull and Bones, yaani Fuvu na Mifupa. Napenda kueleza habari zake kwa taratibu, ili asiyeujua aujue, na aujuaye apime kama nasema haki.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo huu umetengenezwa na kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft, katika karakana yake ya Singapore. Ni mchezo wa dunia iliyo wazi. Maana yake ni kwamba mchezaji hafuati njia moja aliyochorewa. Hushika usukani akaenda apendako, akafanya biashara, akawinda, au akapiga mizinga. Bahari yenyewe imebuniwa kwa mfano wa Bahari ya Hindi: pwani ya Afrika, kisiwa kinachofanana na Madagaska, na visiwa vya mashariki ya mbali.

Hapo ndipo moyo wangu uliponaswa. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitoa mchezo mwingine, Assassin's Creed IV: Black Flag, uliopendwa sana kwa vita vyake vya merikebu; lakini bahari yake ilikuwa ile ya Karibi, mbali na sisi. Safari hii waliahidi bahari yetu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, na tangu utoto nimesikia habari za majahazi. Niliposikia kwamba mchezaji hupewa chombo cha tanga cha pwani yetu, niliona kama kwamba nimeitwa kwa jina.

2. Miaka ya kungoja

Mchezo ulitangazwa mwezi wa Juni 2017, nami sijatimiza miaka 12. Ilisemwa kwamba utatoka mwaka 2018. Ukaahirishwa. Ukaahirishwa tena. Ikatajwa tarehe 8 Novemba 2022, ikapita. Ikatajwa tarehe 9 Machi 2023, nayo ikapita. Hatimaye ulitoka tarehe 16 Februari 2024.

Katika miaka hiyo yote sikuwa na kitu mkononi ila picha na maneno, na kwa picha na maneno hayo nikawa mhubiri. Kila likizo niliwaeleza wenzangu jinsi tutakavyoruka kutoka merikebu hadi merikebu na panga mkononi. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliyatia mwenyewe kwa kuwa niliyatamani. Siku chache kabla ya mchezo kutoka, Bwana Yves Guillemot, mkuu wa kampuni, aliulizwa habari ya bei, akajibu kwamba huu ni mchezo wa A nne. Katika biashara ile, mchezo mkubwa wa gharama nyingi huitwa wa A tatu. Basi yeye aliongeza ya nne. Mimi nililichukua neno hilo kama ushahidi. Leo naona kwamba muuzaji akisifu samaki wake, hilo ni tangazo tu, si ushahidi.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaaye Ulaya, alikuwa anakuja likizo na mashine yake. Tulichanga fedha watu wanane ili atununulie mchezo. Wawili kati yetu walikuwa watoto wa madarasa ya chini, waliotoa fedha yao ya maandazi kwa neno langu tu. Mtunza fedha nilikuwa mimi.

3. Siku tuliyoucheza

Tulikusanyika nyumbani kwetu Jumamosi moja. Jambo la kwanza tuliloligundua ni kwamba mchezo huu hauchezwi pasipo intaneti, hata ukicheza peke yako. Alasiri ile intaneti ilikatika mara tatu, na umeme mara moja. Hiyo si kasoro ya bahari wala ya mizinga, lakini katika mji wetu ni jambo la kuuliza mapema, nami sikuuliza.

Mtandao uliporudi tuliona mazuri yake, na yafaa niyataje. Mawimbi yamechorwa kwa ustadi, upepo hubadilika na mwendo wa chombo nao hubadilika, mabaharia huimba. Kupiga mizinga kwa ubavu kunataka shabaha na subira, na watu kadhaa wakisafiri pamoja raha huongezeka.

Kisha tukaona upungufu. Baada ya merikebu ya kwanza kuzama, mchezaji hupewa chombo kidogo kiitwacho dhow, jina ambalo Wazungu hulitumia kwa karibu kila chombo cha tanga cha pwani hii. Sisi tunatofautisha dau, jahazi, mashua, na mtepe ulioshonwa kwa kamba. Chombo hicho ni cha kuwindia na kukusanyia vitu, na baada ya muda mfupi huachwa kwa kingine. Miti hukatwa na nahodha akiwa juu ya chombo, kwa kubonyeza kitufe kwa wakati wake. Na lile nililowaahidi wenzangu halikuwapo kabisa: ukiteka merikebu, hushuki kupigana, huonyeshwa picha fupi ya mabaharia wako wakiruka, kisha huhesabiwa mali.

Babu yangu, aliyefanya kazi katika mashua za mizigo kati ya Ujiji, Rumonge na Uvira, alikuwa amekaa mlangoni akitazama. Akauliza, "Mjukuu wangu, nahodha gani huyu asiyetia mguu katika chombo alichokiteka?" Wote walicheka, isipokuwa mimi.

Nilipokuja kusoma maoni ya wachambuzi nikakuta wengi wamesema kama babu: bahari nzuri, vita vya mizinga vizuri, lakini hadithi nyembamba, kazi za kurudiarudia, na mapanga hakuna.

4. Historia yatufundisha nini

Maharamia wa kweli walikuwako katika bahari hii. Kisiwa cha Sainte-Marie, mashariki ya Madagaska, kilikuwa maskani yao. Mwaka 1695 Henry Every aliteka merikebu ya Mfalme wa Uhindi iitwayo Ganj-i-Sawai, iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji. William Kidd alinyongwa London mwaka 1701, na Olivier Levasseur alinyongwa katika kisiwa cha Réunion mwaka 1730.

Wala jambo hili si la kale tu. Mwezi wa Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli Faina, iliyokuwa ikipeleka vifaru 33 Mombasa, na haikuachiliwa hata Februari 2009. Sisi wa Burundi hatuna bahari, lakini shehena zetu nyingi hushuka Dar es Salaam na Mombasa. Bahari ikiwa na hatari, gharama ya safari hupanda, na mnunuzi wa mwisho ndiye hulipa. Katika mchezo, anayeibiwa ni mashine. Katika historia, walikuwamo mahujaji.

5. Mwisho wa habari

Jumatatu yake wenzangu wakubwa walinitania, yakaisha. Wale watoto wawili hawakusema neno, na kunyamaza kwao kulinichoma zaidi. Likizo iliyofuata nilibeba matofali kwa fundi mmoja jirani, nikawarudishia fedha yao. Mmoja alikataa, akasema amefurahia mizinga. Nikamwambia apokee, kwa maana hakununua mizinga. Alinunua maneno yangu.

Hata hivyo sitaki kuuhukumu mchezo moja kwa moja. Sea of Thieves, mchezo mwingine wa maharamia, ulitoka mwaka 2018 ukalaumiwa kwamba ni mtupu, kisha ukaongezwa mambo mwaka hata mwaka ukapendwa. Ubisoft nao waliendelea kuuongeza mchezo wao majira kwa majira. Maoni ya siku ya kwanza ni ya siku ya kwanza. Yafaa yaandikwe na tarehe yake.

Maswali ya kujipima

1. Kabla ya kusifu kitu kisichotoka bado, tenga yaliyoahidiwa na mwenye kitu na yale uliyoyatamani wewe. Ni yapi mengi zaidi?
2. Taja vyombo vinne vya tanga vya pwani, ueleze tofauti zake. Waulize wazee.
3. Mtu akikuamini akatoa fedha kwa neno lako, na neno lisitimie, deni ni la nani?