Mumiani, Zimamoto na Teliko: Lugha ya Tuhuma katika Upelelezi wa Mambo ya Ajabu

1.0 Utangulizi

Hadithi ya upelelezi hujengwa juu ya swali moja, yaani nani aliyetenda. Hadithi ya mambo ya ajabu nayo huuliza ni kitu gani kilichotenda. Masimulizi yanayochanganya tanzu hizi mbili hayana budi kuyajibu maswali yote mawili, na aghalabu jibu la swali la pili hulifunika la kwanza. Makala haya yanachunguza jinsi lugha inavyoshiriki katika ufunikaji huo. Data imetokana na sehemu mbili: kipindi kimoja cha tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo The X-Files, na masimulizi ya mumiani yaliyoenea jijini Dar es Salaam wakati wa ukoloni. Hoja kuu ni kwamba mhalifu wa kiajabu haundwi na mawazo peke yake. Huundwa pia na sarufi, na uundwaji huo una madhara kwa watu walio hai.

2.0 Mtuhumiwa katika "Teliko"

Tamthilia ya The X-Files, iliyobuniwa na Chris Carter, ilianza kuonyeshwa mwaka 1993. Wahusika wake wakuu ni maofisa wawili wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI. Mulder ni mwepesi wa kuamini mambo ya ajabu. Scully ni daktari anayedai ushahidi wa kisayansi. Kipindi kiitwacho "Teliko", kilichoandikwa na Howard Gordon, kilirushwa mwezi Oktoba 1996.

Katika kipindi hicho, wanaume weusi wanatoweka katika jiji la Philadelphia, na maiti zinapopatikana ngozi zao zimepoteza rangi. Scully anatafuta maradhi. Mulder anatafuta muuaji. Mtuhumiwa ni Samuel Aboah, mhamiaji kutoka Burkina Faso, ambaye hana tezi iliyo chini ya ubongo na huwaua watu ili apate kile ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza. Ofisa wa ubalozi wa nchi hiyo anamsimulia Mulder habari za teliko, pepo wa hewani anayenasibishwa na imani za Wabambara.

Ijapokuwa kipindi kinatoa maelezo ya kitabibu, jina la kiajabu ndilo linalobaki kuwa anwani yake. Tena, ajabu hiyo imewekwa katika mwili wa mgeni: hatari inawasili kwa ndege ikiwa na hati za uhamiaji. Mtazamaji anafundishwa kumshuku anayeingia, na hafundishwi kumshuku anayemiliki mji.

3.0 Mtuhumiwa katika masimulizi ya mumiani

Masimulizi ya Dar es Salaam yanaugeuza mpangilio huo. Neno mumiani lina asili ya Kiajemi, na hapo awali lilitaja kitu kama lami kilichotumiwa kuwa dawa ya mifupa na maungo. Kamusi ya Johnson (1939) inalieleza kuwa dawa, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwake uliwatia watu hofu ya kutoka nje jioni. Hatua iliyofuata ni ya kisarufi. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Mumiani hii inatibu maungo.
(2) Mumiani huyu alionekana jana usiku.
(3) Mumiani wameingia mjini.

Katika (1) nomino inachukua upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-. Katika (2) na (3) inachukua upatanisho wa A-/WA-, ingawa umbo lake halikubadilika. Dawa imegeuka kuwa mtu anayeitafuta. Badiliko hili halikuhitaji kiambishi chochote kipya. Upatanisho peke yake ulitosha kumpa uhai mhalifu ambaye hapo kabla alikuwa bidhaa.

Neno zimamoto lilipata badiliko la namna nyingine. Kimofolojia ni ambatani ya kitenzi zima na nomino moto, na maana yake iko wazi. Hata hivyo, kama White (2000) anavyoonyesha katika utafiti wake kuhusu Afrika Mashariki na Kati, wakati wa ukoloni jina la kikosi hicho lilitumiwa kwa wanyonya damu, hasa Kenya na Uganda, wakati ambapo Katanga walitajwa batumbula na Zambia ya leo banyama. Gari jekundu, sare, mipira ya maji na safari za usiku vilitosha kuwa dalili.

Uvumi huo unaeleweka vizuri zaidi ukiwekwa katika ramani ya mji. Kariakoo, ambayo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, ilitengwa kuwa makazi ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliitenganisha na mitaa mingine. Magogoni, kando ya bandari, palikuwa makao ya gavana. Gari la serikali lililoingia Kariakoo usiku lilitoka upande wenye mamlaka kuelekea upande usio nayo. Kwa hiyo mumiani wa Dar es Salaam, tofauti na teliko, si mgeni maskini. Ni mwenye sare. Mwaka 1959 uvumi wa namna hii ulizua ghasia Buguruni, na hapo hadithi ilikuwa imekwisha kuwa suala la polisi.

4.0 Shahidi anayefutwa na sarufi

Mpelelezi humhitaji shahidi. Masimulizi ya ajabu humkwepa. Linganisha:

(4) Eti watoto walichukuliwa.
(5) Inasemekana watoto walichukuliwa.
(6) Jirani aliwaona watoto wakichukuliwa.

Katika (4) msemaji anajitenga na habari. Neno eti linaacha mlango wa shaka wazi. Katika (6) yupo shahidi anayeweza kuhojiwa. Mfano (5) ndio wenye hatari. Kauli ya kutendeka katika -semekana hairuhusu mtenda: yawezekana kusema "imesemwa na Juma", lakini *"inasemekana na Juma" haikubaliki. Sarufi yenyewe inamfuta msemaji, na habari inasimama bila mwenyewe. Isitoshe, umbo hili ni la lugha rasmi, hivyo linaupa uvumi heshima ambayo eti isingeupa.

Muhammed Said Abdulla aliuelewa mtego huu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kazi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58, mauaji yanahusishwa na mzimu, lakini Bwana Msa anakataa kuishia kwenye "inasemekana" na kurudi kwenye swali la nani. Mzimu unabaki kuwa mahali. Muuaji ni binadamu.

5.0 Kutoka hadithi hadi jinai

Umuhimu wa jambo hili haukomei katika fasihi. Maiti zisizo na rangi katika "Teliko" ni ubunifu wa kutisha kwa mtazamaji wa Philadelphia; kwa mtazamaji wa Tanzania zinagusa jeraha. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, walishambuliwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Istilahi zilishiriki katika uhalifu huo. Neno zeruzeru lilimweka mtu karibu na viumbe wa hadithi. Neno la mitaani dili lilikwenda mbali zaidi: lilimfanya bidhaa. Hapa safari ya mumiani inaonekana ikirudi kinyumenyume. Kule dawa iligeuzwa mtu. Huku mtu amegeuzwa dawa. Usemi "mtu mwenye ualbino" unarudisha nomino mtu mwanzoni, na pamoja nayo upatanisho wa A-/WA-. Wanaouona kuwa mrefu mno hawajazingatia kazi unayoifanya.

Vilevile, sentensi "inasemekana viungo hivyo huleta bahati" ikiandikwa gazetini humlinda aliyeagiza, aliyelipa na aliyeua. Wote watatu ni watenda, na wote wamekosa nafasi katika sentensi.

6.0 Hitimisho

Maana zilizozuka kwa hofu zinaweza pia kufifia. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kituo cha mabasi kiitwacho Fire katika Barabara ya Morogoro hutajwa kila siku bila mtu kushtuka. Na soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, zimamoto ndio waliotazamiwa. Neno limerudi kwenye mofimu zake.

Makala haya yameonyesha kwamba "Teliko" na mumiani hutofautiana katika nani anayeshukiwa, lakini hufanana katika kumficha mtenda nyuma ya jina la ajabu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, uchambuzi wa ngeli na wa kauli za kitenzi usionekane kuwa zoezi la darasani tu. Katika taarifa ya mauaji, kiambishi cha mtenda kinapokosekana, kuna mtu anayenufaika.