Gari jipya la cc 1000 linachoka mlimani

Swali: Nasoma chuo Nairobi na napenda magari. Nimejaribu gari dogo jipya la cc 1000, mlimani lilihema. Ni bovu?

Jibu: Huenda si bovu, hewa ndiyo nyepesi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Gari kama hilo likitajwa kuwa na nguvu za farasi 66 kwenye kijitabu chake, huko zinabaki kama 55. Mombasa lingepanda vizuri zaidi. Utasema turbo ingemaliza hayo. Kweli, ila bei hupanda, na matengenezo pia. Lijaribu tena, AC ikiwaka na marafiki watatu ndani (muuzaji akikubali), kisha upime pia breki na usukani.